Visu Viwili vya Baba

Kuze, Mombasa
24 Januari 1994

Kaka yangu Kombe,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na hiyo baridi ya Maskati uliyotuandikia isiwe imekuzidi. Sisi huku twamshukuru Mungu. Baba hajambo, ila magoti yanamsumbua akishuka ngazi. Dada yetu Mwanarusi amejifungua salama mtoto wa kike, na amempa jina la marehemu Mama. Baba alipoambiwa akasema apelekewe kuku wa supu mzazi.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Baba amepoteza kisu chake. Kile cha kukunja, alichokuwa nacho tangu siku zake za bandarini Mbaraki, alipokuwa akisimamia watu wa kamba za kufungia meli. Alikuwa akimenya chungwa kwenye feri ya Likoni, mtu akampiga kikumbo, kikaruka kikaingia majini. Tangu siku hiyo ukimwangalia barazani, mkono unakwenda mfukoni wenyewe kisha unatoka mtupu. Juzi nilimkuta anavunja popoo yake ya kutafuna kwa jiwe. Sikupenda.

Nimeazimia kumtengenezea kingine, hapa hapa nyumbani, chini ya ngazi, kwenye meza yako. Unajua tangu gereji ya Shimanzi ipunguze watu mimi nashinda nyumbani siku nyingi. Nimepata kipande cha springi ya lori kwa ajili ya bapa, na bapa naliweza. Nisichokijua ni ile springi ndogo ya mgongoni, inayolishika bapa likiwa wazi lisije likajikunja kwenye vidole. Wewe ulizitengeneza kabla hujaondoka. Niambie, chuma gani, unene gani, na unaipikaje motoni?

Baba ataandika mstari wake nyuma ya karatasi kama kawaida yake.

Mdogo wako,
Badawi

---

Maskati
20 Machi 1994

Kwa Badawi,

Wa aleikum salaam. Idi tumeisali kwenye uwanja wa kampuni, na baada ya sala kila mtu akarudi chumbani kwake kulala. Mpe Mwanarusi pongezi zangu, na umwambie jina la Mama limenifurahisha sana. Mwambie pia mtoto asiwe akivishwa soksi kwa joto la huko.

Habari ya kisu cha Baba nimeisoma. Usijisumbue tena. Nimekwenda mwenyewe soko la Matrah nikamnunulia kizuri, kazi ya Kijerumani, mpini wa pembe, bapa linang'aa utajitazama uso. Nimempa Kiti, dereva mwenzangu, mtu wa Kaloleni, ambaye anarudi nyumbani kwa likizo. Atakileta mpaka mlangoni.

Kutengeneza kisu cha kukunja si kazi ya mtu anayejifunza. Na kwa kuwa umesema unaitumia meza yangu, nakuomba mambo mawili. Jiriwa langu la kubania chuma usiligonge kwa nyundo, meno yake yatapoteza mshiko. Na zile tupa ndogo nilizonunua Biashara Street usizitumie kwenye chuma cha springi ya lori. Zitakwisha makali.

Mwambie Baba kisu kinakuja.

Kombe

---

Kuze
18 Aprili 1994

Kaka Kombe,

Salamu nyingi baada ya siku nyingi. Masika yameanza, na dari la chumba cha juu limevuja pale pale pa mwaka jana. Mtoto wa Mwanarusi ananenepa. Baba hajambo.

Kiti amefika na amana tumeipata. Laiti ungekuwepo. Baba alikipokea kisu kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa kitoto kichanga. Alitoka nacho barazani hajakifungua hata karatasi yake. Kila aliyepita aliitwa. "Njoo uone. Kombe wangu huyu, kutoka Uarabuni. Hakunisahau." Muuza kahawa alionyeshwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na tupa mkononi, na hakuna aliyeniuliza natengeneza nini.

Naendelea na changu, kaka. Si kwa kushindana. Nimeshakianza na sipendi kuacha kitu nusu. Bapa la kwanza nilikosea: nililitia motoni likawa jekundu, nikalizamisha kwenye mafuta, likawa gumu kama kioo. Lilinianguka sakafuni likakatika vipande viwili. La pili nililipoza katika mafuta ya sambusa ya Mwanarusi, kisha nikalirudisha kwenye moto wa taratibu mpaka likawa na rangi ya samli. Sasa linanyoa malaika ya mkono. Mpini nimeukata kwenye mpingo, na ndani nimeweka mabamba mawili membamba ya shaba. Nimekaa jioni nyingi nausugua kwa msasa, na kila nikidhani umekwisha naona mkwaruzo mwingine.

Kuhusu ile springi ya mgongoni sikuona jibu katika barua yako. Labda ulisahau. Nakuuliza tena.

Badawi

---

Maskati
2 Juni 1994

Badawi,

Salamu kwenu nyote. Nilikuwa na homa kidogo, sasa imetoka. Fundi aletwe atazame lile dari, na asiwe yule wa mwaka jana.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Rangi ya samli! Mimi hapa naamka kabla ya alfajiri kuendesha lori la maji, kutoka kisimani hadi kwenye majengo, na kutoka kwenye majengo hadi kisimani. Jioni mikono inanuka dizeli hata nikila chakula naionja. Tangu nije sijashika tupa. Wewe umelala nyumbani kwetu, unakula wali wa Mwanarusi, unashuka ngazi na tayari uko kazini, kwenye meza niliyoiunda mimi kwa mbao nilizozibeba begani kutoka Shimanzi. Niliiacha kwa sababu mmoja wetu hakuwa na budi aondoke, na wewe ulikuwa mdogo. Sikuiacha kwa kuwa nimeichoka.

Wasema si kwa kushindana. Baba ana kisu. Sasa hicho chako ni cha nani?

Springi ni springi. Anayejua haulizi, na asiyejua aache.

Kombe

---

Kuze
25 Juni 1994

Kaka Kombe,

Shikamoo. Pole kwa homa. Dari limezibwa, na fundi si yule.

Nimekimaliza kisu. Springi nimeikata kwenye ule mkanda wa chuma wanaofungia masanduku kwenye maghala ya Shimanzi, maana ndicho chuma chembamba nilichokipata. Nikaikunja kidogo, nikaipiga ribiti. Inashika.

Nilimpa Baba baada ya sala ya Ijumaa. Alikifungua, akakifunga, akakifungua. Akachukua chungwa akalimenya ganda zima bila kukatika, refu mpaka likagusa kanzu yake. Akala.

"Chungwa tamu," akasema.

Basi, hilo tu. Nilingoja neno jingine. Akakifuta kwenye kikoi akakitia mfukoni.

Badawi

---

Maskati
14 Julai 1994

Badawi,

Salamu. Sisi wazima.

Nina swali moja, nijibu hilo kabla ya habari nyingine. Kama chako kiko mfukoni, changu kiko wapi?

Kombe

---

Kuze
9 Agosti 1994

Kaka Kombe,

Salamu kwako kutoka kwetu sote. Huku watu wanajitayarisha kwa Maulidi, na madrasa ya mtaa imepakwa chokaa upya. Maji ya mfereji yamekatika tena, twanunua kwa wenye mikokoteni. Mtoto wa Mwanarusi ameota jino na amemng'ata Baba begani, Baba akacheka mpaka akakohoa. Paka wetu yule wa kijivu amezaa ndani ya sanduku la viatu vyako, nimemwacha. Kiti alipita kuaga kabla ya kurudi kazini, alikula chakula cha mchana nasi, na atakupa habari zetu kwa mdomo.

Kuhusu visu, vyote viwili vipo.

Baba anakusalimu sana. Hakuweza kuandika mstari wake safari hii, mkono una uzito kidogo. Inshallah barua ijayo.

Badawi

---

Maskati
5 Septemba 1994

Badawi,

Nimetafuta mstari wa Baba nyuma ya barua, sikuuona. Baba ameniandikia mstari wake hata alipokuwa na malaria. Nikamuuliza Kiti alipofika, akatazama chini, akasema nimuulize dada yangu. Nikamwandikia Mwanarusi, naye si mtu wa kuficha kama wewe.

Kwa hivyo najua. Alikuwa akikata popoo, kisu chako kikajikunja chenyewe, bapa lenye rangi ya samli likamwingia kwenye kidole cha shahada hadi kwenye mshipa. Wakamshona hospitalini, na kidole hakikunjiki tena. Miaka yote ile ya Mbaraki, kamba na vyuma vikubwa, vidole vyake vyote kumi vilirudi nyumbani. Imekuwa wewe ndiye wa kumvunja mkono akiwa barazani kwake!

Na wewe ukaniandikia habari za paka.

Nilikwambia si kazi ya anayejifunza. Nilimtumia kisu cha watu wanaojua kazi, na hakingemfanyia hivyo. Kiondoe hicho mfukoni mwake leo hii. Kitupe baharini kikifuate cha kwanza.

Kombe

---

Kuze
28 Septemba 1994

Kaka Kombe,

Assalaam aleikum. Nitakusalimu kwa sababu Baba ametufunza hivyo. Mtoto hajambo. Mwanarusi hajambo.

Yote aliyokwambia Mwanarusi ni kweli. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, mimi ndiye niliyembeba mpaka barabarani kutafuta gari, na damu yake imeingia kwenye shati langu la mistari, haitoki. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utafurahi. Nisamehe kama nimekosea. Lakini nimeisoma barua yako, na pale uliposema habari ya kisu cha watu wanaojua kazi, sikuona kama nimekosea.

Nilikuuliza habari ya springi Januari. Nikakuuliza tena Aprili. Ukanijibu habari ya jiriwa, ukanijibu habari ya tupa, ukanijibu anayejua haulizi. Juni nilikuandikia wazi kwamba nimetumia mkanda wa masanduku. Wewe fundi, kaka. Uliposoma neno hilo, ulijua au hukujua? Barua yako ya baada ya hapo ilikuwa na swali moja, nalo halikuwa la springi.

Nitakujibu hilo swali sasa. Kisu chako kiko kabatini, ndani ya kile kitambaa cha hariri cha Mama. Hakitumii kwa sababu anaogopa kukikwaruza. Kila baada ya sala ya alasiri anakitoa, anakifuta, anawaonyesha watu, anakirudisha. "Kombe wangu." Miezi yote hii sijasikia "Badawi wangu" hata siku moja, nami ndiye ninayemkanda magoti. Changu alikuwa akikwangulia magamba ya samaki. Alikiacha sinkini usiku kucha. Wewe wanionea wivu wa mfuko, na mimi nimekuwa nakuonea wivu wa kabati.

Baba hataki kisu chochote sasa. Nilimtolea chako nikamwambia, "Baba, tumia hiki, kina springi nzuri." Akasema, "Kirudishe mahali pake." Chungwa anamenyewa na Mwanarusi.

Jiriwa nimelipaka grisi nikalifunga kwa gunia. Tupa zako zote zipo, nimezihesabu mbele ya Mwanarusi. Utazikuta.

Badawi

---

Maskati
13 Novemba 1994

Badawi, mdogo wangu,

Wa aleikum salaam. Nimechelewa. Karatasi hii nimeianza mara nyingi. Kiti anaona taa yangu haizimwi, ameniuliza kama kuna msiba nyumbani, nikamwambia hapana, na akanitazama kama asiyeamini.

Nilijua. Niliposoma "mkanda wa masanduku" nilijua haitashika. Chuma kile ni laini, kinakubali kukunjwa na hakirudi. Nilisema moyoni, acha kilegee, Baba atakiweka kando, atachukua changu. Sikufikiria kidole. Wallahi sikufikiria kidole. Nilifikiria mfuko tu.

Sasa soma, na usiruke neno.

Usitumie mkanda. Kata springi kwenye chuma kile kile cha lori ulichokatia bapa. Ipunguze kwa tupa mpaka katikati iwe nyembamba kuliko ncha zake, unene wa sarafu ya shilingi hivi. Fanya kazi zote za kutoboa chuma kikiwa bado laini. Tundu la katikati usilitoboe mahali springi inapolala yenyewe. Lipandishe juu, kiasi cha unene wa ukucha, ili ukiipiga ribiti iwe imelazimishwa kupinda. Isipolazimishwa mwanzo haitakuwa na nguvu mwisho. Hapo ndipo kila anayejifunza anapokosea, na mimi nilikosea hapo mara tatu, hukuniona kwa sababu nilikuwa nafunga mlango.

Halafu moto. Nyekundu, kisha mafuta, kama bapa. Lakini usiirudishe motoni mpaka rangi ya samli pekee. Samli ni rangi ya makali. Springi iendelee, ipite samli, ipite zambarau, mpaka iwe buluu kama wino. Ikifika buluu itoe haraka. Kisigino cha bapa kinapokutana na springi pasipite mwanga. Kiinue juu ya taa utazame. Ukiona uzi wa mwanga, piga tupa tena, hizo ndogo. Zitumie.

Ukikifungua kitalia. Mlio ukiwa mwepesi, bado. Ukiwa mzito na mfupi, hapo mpe.

Nafuta hapa mistari miwili niliyoandika kuhusu nani anafanya kazi nzito zaidi. Lakini wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Naiona meza ile nikifumba macho. Najua droo ipi inakwama.

Mbusu Baba mkono. Ule ule.

Kombe

---

Kuze
20 Desemba 1994

Kaka yangu Kombe,

Shikamoo, na salamu kutoka kwa kila aliye ndani ya nyumba hii. Vuli limepita bila dari kuvuja. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta. Baba hajambo, magoti yametulia kwa joto.

Barua yako niliipata nikaitia mfukoni siku kadhaa bila kuijibu, kwa hasira. Kisha nikafungua gunia.

Springi ya kwanza niliipitisha buluu ikawa kijivu, nikaitupa. Ya pili nilitoboa tundu chini mno kwa woga. Ya tatu nilikaa nayo juu ya taa mpaka macho yakatoka machozi, mpaka uzi wa mwanga ukapotea. Bapa ni lile lile. Nilitaka kulitupa, Mwanarusi akanizuia, akasema halikuwa kosa la bapa. Dole gumba langu limeota sugu jipya. Nilipokifungua kikalia mlio mzito na mfupi, kama ulivyosema, nikakaa chini kwenye ngazi.

Nilimpelekea Baba barazani baada ya alasiri. Kisu chako kilikuwa juu ya kitambaa pajani pake, amemaliza kukionyesha. Sikumwambia lolote la barua yako. Nilimwekea changu kiganjani. Alikitazama muda mrefu. Nilidhani atanirudishia. Kisha akakifungua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado mzito.

Kikalia. Akakifunga. Akakifungua tena, macho amefumba.

"Hiki Kombe ametia mkono," akasema.

Kaka, nilisimama pale. Mpingo niliukata mimi, shaba niliikata mimi, kila tupa niliipiga mimi. Wewe uko Maskati unaendesha maji. Watu wawili walikuwa wamekaa naye na wote wawili wakanitazama. Nilikuwa na maneno yote mdomoni.

Nikasema, "Ndiyo, Baba. Ni cha Kombe."

Alicheka kwa sauti, ile ya zamani, ya kabla ya Mama kufa. Akaagiza chungwa. Kidole chake cha shahada hakikunjiki, kinabaki kimenyooka pembeni akishika mpini, lakini alilimenya taratibu mpaka mwisho. Akanigawia nusu. Kisha akakitia mfukoni, na cha Kijerumani kikarudi kabatini, na kwa hivyo sasa vyote viwili ni vyako, cha kabati na cha mfuko.

Usiniandikie kunishukuru, maana sikufanya kwa ajili yako. Na usimwandikie Baba kumwambia ukweli, nakuomba. Nataka tu mtu mmoja ajue kwamba niliumia, na nimeona huyo mtu awe wewe.

Gunia la jiriwa nimelitia jikoni, Mwanarusi analipangusia sakafu. Asubuhi hii nimeanza kisu kingine. Bapa jipya, springi buluu, na mpini nautoa kwenye pembe ya ng'ombe niliyoichagua mwenyewe machinjioni. Hiki ni changu mimi. Akikitaka mtu, hata akiwa Baba, simpi.

Mdogo wako,
Badawi